Chenji Ni Deni la Nani?

Vita vinapopamba moto, miongoni mwa vitu vya kwanza kuadimika sokoni ni chenji. Ndizi bado zipo, noti bado zipo, lakini senti za kumrudishia mteja hazionekani. Muuzaji hawezi kuuza nusu, mnunuzi hawezi kununua kidogo, na biashara ya watu wa hali ya chini, ambayo yote ni ya kidogo kidogo, inakwama hata kabla njaa haijabisha hodi. Kampala imepita katika vipindi kadhaa vya namna hii, kila kimoja kikiwa na umbo lake. Swali lililobaki nyuma ya vyote halijapata jibu kamili hadi leo: serikali isipoleta chenji, nani ailete, na akishaileta, anawajibika kwa nani?

Sababu za uhaba huu hazina fumbo. Bei ya madini hupanda wakati wa vita, kwa hiyo mwenye sarafu ya fedha au ya shaba huona heri aifiche kuliko kuitumia. Viwanda vya kufua sarafu hupewa kazi za jeshi. Meli hupungua baharini, na zilizobaki hubeba askari na risasi. Jeshi nalo hunyonya sarafu, kwa kuwa kila askari, kila mpagazi na kila mama anayeuza maziwa kambini anataka kulipwa viasi vidogo. Isitoshe, hazina nyingi za serikali huidharau senti hata siku za amani. Kufua senti moja kunahitaji kazi karibu sawa na kufua shilingi, ilhali faida yake kwa hazina ni ndogo mno. Hivyo senti hukumbukwa mwisho, na wanaoumia ni wale ambao maisha yao yote yanahesabiwa kwa senti.

Mfano unaojulikana zaidi duniani ni wa Marekani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza mwaka 1861. Mwishoni mwa mwaka huo benki ziliacha kubadilisha noti kwa dhahabu na fedha, na mwaka uliofuata hata senti zikatoweka. Watu wakalipana kwa stempu za posta, ambazo gundi yake ilizifanya zishikamane mifukoni. Ndipo wenye maduka, wauza bia, vinyozi na washona viatu walipoanza kuagiza vipande vya shaba vya ukubwa wa senti, vilivyochapwa jina la duka na mtaa lilipo. Inakadiriwa kwamba vipande kama milioni 25 vilizunguka kati ya 1862 na 1864. Havikuwa sarafu za serikali, lakini vilinunua mkate.

Mjini New York, mwenye baa mmoja aitwaye Gustavus Lindenmueller alitoa vipande zaidi ya milioni moja. Kampuni ya magari ya farasi ya Third Avenue ilivipokea kama nauli, ikavikusanya kwa wingi, kisha ikamwomba avikomboe kwa pesa halali. Akakataa, na hapakuwa na sheria ya kumlazimisha. Mwaka 1864 Bunge la Marekani lilipiga marufuku sarafu za watu binafsi, na wakati huohuo serikali ikaanza kufua senti mpya za shaba za kutosha. Uingereza ilikuwa imepitia jambo la aina hiyo kuanzia 1787, pale kampuni ya mgodi wa shaba wa Parys ilipotoa peni zake, na wafanyabiashara wengine wakafuata hadi sheria ya 1817 ilipowazuia.

Ukikitazama vizuri kipande cha namna hiyo, utaona kwamba ni hati ya deni, na anayeishika hati hiyo ni mdai. Muuzaji anamwambia mteja: nina pesa yako, shika hiki, urudi nacho. Mteja anaondoka na ushahidi mkononi, wenye jina la mdeni na mahali anapopatikana. Ubaya wa Lindenmueller ni kwamba alikana deni ambalo ushahidi wake ulikuwa mezani kwake. Kwa hiyo kila kitu kilichowahi kushika nafasi ya chenji Kampala nakipima kwa maswali mawili: ushahidi wa deni uko mkononi mwa nani, na je, mdeni anaweza kulazimishwa kulipa?

Kampala yenyewe, kama makao ya utawala wa kigeni, ilianza ikiwa kituo cha kampuni ya biashara. Desemba 1890 Frederick Lugard aliwasili Buganda kwa niaba ya Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, iliyoongozwa na William Mackinnon, akapiga kambi kwenye kilima ambacho leo tunakiita Old Kampala. Kampuni hiyo ilikuwa na sarafu zake. Mwaka 1888 iliagiza zifuliwe pesa za shaba, zikiwa na picha ya mizani, jina la Mombasa na maandishi ya Kiarabu, pamoja na rupia za fedha. Kwa hiyo sarafu za shaba zilizotolewa na wafanyabiashara si habari ya ng'ambo tu. Kampuni iliyojenga ngome Kampala ndiyo iliyofanya hivyo, na kusini mwa mpaka Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilitoa pesa zake za shaba kati ya 1890 na 1892, nazo zikiwa na maandishi ya Kiarabu.

Hata hivyo shaba ya Mombasa haikuitawala Kampala. Januari 24, 1892 vita vya Mengo kati ya kundi la Wakatoliki na la Waprotestanti viliutikisa mji, bunduki za kampuni zikiwa upande mmoja. Gharama zikaishinda kampuni, na Aprili 1, 1893 mjumbe wa serikali ya Uingereza, Gerald Portal, akapandisha bendera ya Uingereza badala ya ile ya kampuni. Mfanyabiashara anayetoa sarafu anaweza kufilisika au kuondoka, na sarafu yake ikabaki na thamani ya madini yake tu. Waganda hawakuumia kwa hilo, kwa sababu chenji yao ilikuwa ni simbi.

Simbi inastahili kuelezwa kwa kirefu kidogo. Kaure hizi zilitoka pwani na visiwa vya Bahari ya Hindi, zikapanda na misafara hadi kwenye maziwa. Zilitobolewa na kutungwa kwenye nyuzi, zikahesabiwa kwa mamia. Hapakuwa na mdeni nyuma yake. Hakuna ofisi iliyoahidi kuikomboa simbi, wala hakuna aliyeweza kukana ahadi ambayo hakuitoa. Ulinzi wake ulikuwa umbali wa bahari: ilikuwa ghali kuifikisha Buganda, basi haikujaa ovyo. Udhaifu wake ukawa huohuo, kwa kuwa kadiri njia za kusafirishia mizigo zilivyokuwa rahisi, ndivyo simbi zilivyozidi kuingia na thamani yake kushuka. Mwanzoni mwa karne ya ishirini rupia moja ilibadilishwa kwa simbi 800 hadi 1000.

Mkataba wa Buganda wa 1900 uliweka kodi ya kibanda ya rupia 3 kwa mwaka. Kwa simbi, hizo ni kama 2400 hadi 3000, yaani furushi zima la kuhesabiwa moja moja mbele ya karani. Mwaka 1901 serikali ikaacha kuzipokea simbi kwa kodi. Kwa upande wa hazina uamuzi huo unaeleweka, kwa sababu hakuna serikali inayotaka ghala lililojaa kaure zinazoshuka thamani. Lakini tufanye hesabu kwa upande wa sokoni. Rupia moja ya India ilikuwa na pesa 64 za shaba. Ikiwa rupia ni simbi 1000, pesa moja ya shaba ni sawa na simbi 15 hivi. Mama aliyekuwa akiuza fungu la mboga kwa simbi tano sasa hana sarafu ya kuitaja bei yake. Ama auze mafungu matatu kwa mkupuo, ama atoe moja bure, ama mnunuzi aende bila kitoweo.

Naamini hili ndilo jambo lililopuuzwa zaidi katika historia ya pesa za Uganda. Tumezoea kusimulia kuondoka kwa simbi kama hatua ya maendeleo, kutoka kaure hadi chuma. Kwa mtu wa chini ilikuwa pia ni kunyang'anywa chenji. Wakoloni wenyewe waliliona pengo. Kuanzia 1906 walileta senti za Afrika Mashariki na Uganda, 100 kwa rupia, zikiwa na tundu katikati ili ziweze kutungwa kwenye uzi kama simbi. Mwaka 1908 ikaja hadi nusu senti, ambayo kwa hesabu ileile ni sawa na simbi tano. Fungu la mboga likapata tena bei yake. Ila senti hizo za kwanza zilikuwa za alumini, madini mepesi yaliyoliwa haraka na unyevu, ikabidi zibadilishwe kwa mchanganyiko wa nikeli na shaba. Watu waliozoea kaure isiyooza walipewa sarafu inayooza mfukoni. Hiyo haikuwa njia nzuri ya kujenga imani.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilifika wakati mfumo huo mpya ukiwa bado mchanga. Sarafu za Uganda zilitoka Uingereza kwa meli hadi Mombasa, zikapanda reli hadi Kisumu, kisha meli ya ziwani hadi Port Bell. Kila hatua ya njia hiyo ilikuwa mikononi mwa jeshi. Upande wa pili, Wajerumani wa Tanganyika walizingirwa baharini na hawakuweza kuleta sarafu hata moja. Walichokifanya kinafaa kuangaliwa kwa karibu.

Mwaka 1916, katika karakana ya reli huko Lulanguru karibu na Tabora, walianza kufua sarafu wenyewe. Madini yao yalikuwa maganda ya risasi na mabaki ya shaba yaliyookotwa huku na kule. Walifua heller 5 na heller 20, na kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke wakafua rupia 15 zenye picha ya tembo. Heller 20 ya Tabora ni sarafu isiyo na madoido. Upande mmoja una taji, herufi D.O.A., mwaka 1916 na herufi T chini yake, na upande wa pili tarakimu 20 ndani ya matawi ya majani. Nyingine ni nyekundu kwa shaba, nyingine ni za manjano kwa sababu ganda la risasi ni shaba iliyochanganywa na zinki. Ukishika mbili kwa pamoja unaona rangi ikitofautiana ingawa thamani ni moja, na unaelewa kwamba waliozifua walitumia chochote kilichokuwa tanuruni siku hiyo.

Kwa nini kujisumbua hivyo, ilhali serikali hiyohiyo ilikuwa tayari inachapisha noti za muda? Kwa sababu askari na wakulima waliiamini sarafu kuliko karatasi. Noti za mwisho za 1917 zilipigwa kwa mihuri ya mpira wakati jeshi likirudi nyuma porini. Mwenye noti alishika ahadi ya serikali inayokimbia. Mwenye heller 20 alishika shaba. Tabora iliangukia mikononi mwa majeshi ya Wabelgiji Septemba 1916, na aliyekuwa na karatasi hakuwa tena na dirisha la kuipeleka hapo mjini, lakini shaba ingeweza angalau kuyeyushwa ikawa bangili.

Kampala haikuwa na karakana ya aina hiyo, wala duka lililojulikana kwa kufua vipande vyake. Kwa nini? Wafanyabiashara wakubwa walikuwepo. Allidina Visram, Mhindi aliyeanzia Bagamoyo na kufikisha maduka yake Kampala kabla reli haijafika ziwani, alikuwa na matawi mengi na jina lenye kuaminika kuanzia pwani hadi ndani ya Uganda. Kama kuna mtu ambaye kipande chake cha shaba kingekubalika kila soko, ni yeye. Alifariki mwaka 1916, vita vikiwa vimepamba moto.

Jibu langu ni kwamba duka la Kihindi la Kampala lilikuwa na chombo kingine kilichofanya kazi ya kipande cha shaba, nalo ni daftari la mkopo. Mteja asiye na senti aliandikiwa. Muuzaji asiye na chenji aliandika tofauti. Mambo yakaenda bila sarafu, na bila shaka daftari liliokoa nyumba nyingi wakati wa dhiki. Lakini lipime kwa maswali yetu mawili. Ushahidi wa deni ulibaki kwenye rafu ya duka, kwa kawaida kwa maandishi ya Kigujarati ambayo mteja hakuyajua. Mmarekani wa 1863 aliyepewa kipande cha shaba aliondoka na ushahidi mfukoni, japo wa kampuni mbovu. Mteja wa Kampala aliondoka na kumbukumbu ya kichwani tu. Wengi wa wenye maduka walikuwa waaminifu, kwani hawakutaka kupoteza wateja. Hata hivyo uaminifu wa mtu mmoja mmoja si mfumo.

Wakati huo rupia yenyewe ilikuwa ikipanda. Kabla ya vita rupia 15 zilikuwa pauni moja, yaani rupia moja ni shilingi 1 na peni 4. Fedha ilipopanda bei duniani, rupia ikapanda nayo, na India ilihitaji fedha yake yenyewe. Mwaka 1918 serikali za Afrika Mashariki na Uganda zilitoa noti ya rupia moja, ishara wazi kwamba sarafu za fedha hazikutosha. Desemba 1919 ikaundwa Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, na mwaka 1920 rupia ikafungwa kwenye shilingi 2. Ikaja florini, haikudumu, kisha mwaka 1921 ikaamuliwa shilingi, ambayo tunaitumia hadi leo.

Ndani ya mabadiliko hayo kulikuwa na jambo lililowagusa maskini moja kwa moja. Senti ya zamani ilikuwa sehemu ya mia ya rupia, na rupia ilikuwa shilingi 2. Kwa hiyo senti moja ya zamani ilistahili kuwa senti mbili mpya. Walikuwepo walowezi waliotaka senti ya zamani ihesabiwe kuwa senti moja mpya tu, na Waafrika, ambao akiba yao yote ilikuwa senti, wapoteze nusu. Wamisionari na wengine wakapinga vikali. Jambo hilo linatuonyesha kwamba hata deni la serikali yenye bendera na mahakama linaweza kukatwa nusu kwa kalamu, kama wadai hawana wa kuwasemea.

Vita vya Pili vya Dunia havihitaji maelezo marefu. Bodi ya Sarafu ilifua sarafu Bombay na Pretoria badala ya Uingereza peke yake, ndiyo maana senti za miaka ile huonekana na herufi I au SA. Mwaka 1943 ilitoa noti ya shilingi moja kwa sababu sarafu hazikutosha. Januari 1945 Kampala ikawaka kwa migomo na ghasia, na bei ya vitu na mishahara midogo vilikuwa kiini cha malalamiko. Siwezi kusema ghasia zile zilitokana na chenji. Nasema tu kwamba mji ambao mshahara wake unahesabiwa kwa shilingi chache hauwezi kuvumilia bei zinazoruka hatua kubwa.

Uganda huru ilipata nafasi ya kulirekebisha hili, na nafasi hiyo ilikuwa ya shaba hasa. Mgodi wa Kilembe, Kasese, ulianza uzalishaji mwaka 1956, reli ikafikishwa Kasese mwaka huohuo, na shaba ikayeyushwa Jinja kwa umeme wa Owen Falls. Benki Kuu ya Uganda ilifunguliwa Agosti 1966, ikatoa senti 5, 10 na 20 za shaba. Lakini senti hizo zilifuliwa Uingereza. Shaba ilishuka Mombasa ikiwa mali ghafi, sarafu zikapanda kutoka Mombasa zikiwa bidhaa, kupitia bandari ileile ya miaka ya 1910. Nchi haikuwa na kiwanda cha kufua sarafu, na pengine haikuhitaji kwa ukubwa wake, lakini utegemezi ule ulikuwa uleule.

Miaka ya 1970 ilileta vita vya aina nyingine. Idi Amin aliita kufukuzwa kwa Waasia mwaka 1972 vita vya kiuchumi. Maduka yakagawiwa, madaftari yakaachwa, na ule mtandao wa mikopo ya rejareja ukakatika kwa miezi michache. Sukari, chumvi na sabuni zikaanza kugawiwa kwa vibali. Mwenye jamaa serikalini alipata karatasi ya mgao, akaiuza bila hata kuiona sukari yenyewe, na karatasi ikapita mikono kadhaa ikiongezeka bei kila mkono. Huo ndio wakati wa magendo na matajiri walioitwa mafuta mingi. Karatasi ile ilikuwa na mdeni mwenye nguvu sana, lakini hakuna aliyeweza kumlazimisha. Sarafu nazo zilipungua uzito wa heshima: kufikia 1976 senti 10 ilikuwa chuma kilichopakwa shaba nje. Aprili 1979 Kampala ikaanguka, benki zikaporwa, na noti zenye sura ya Amin zikabadilishwa. Mwaka 1987 serikali mpya iliondoa sifuri mbili kwenye shilingi na kukata asilimia 30 wakati wa kubadilisha. Kwa mara nyingine mwenye akiba ndogo ya noti ndiye aliyelipia.

Sasa tufike leo, mitaa ya Kikuubo saa za asubuhi, wachuuzi wanaponunua kwa jumla na kukimbilia vibanda vyao. Huko jumla chenji ipo, kwa sababu hesabu ni za maelfu. Ukishuka rejareja, hali inabadilika. Unanunua kitu cha shilingi 800, unatoa noti ya 1000, unapewa peremende mbili. Kwenye teksi, konda anawakabidhi abiria wawili noti moja na kuwaambia wagawane, na wageni hao wawili wanashuka wakitafuta duka la kuvunja noti. Sarafu ya shilingi 50 imekuwa adimu mikononi mwa watu.

Peremende ile inaonekana jambo dogo, lakini kwa kipimo chetu ni mbaya kuliko kipande cha Lindenmueller. Kipande cha shaba kilikiri deni. Peremende inalifuta. Muuzaji ameamua kwa niaba yako kwamba pesa yako imekuwa sukari, tena kwa bei ya rejareja yenye faida yake ndani. Ukiirudisha kesho ulipe nayo, hataipokea. Kwa mfanyakazi wa ofisi ni shilingi 200 tu. Kwa mama wa Kalerwe anayenunua mara kumi kwa siku, chumvi ya leo, mkaa wa leo, sabuni ya kipande, ni sehemu ya chakula.

Wengi watasema jibu limeshapatikana, nalo ni simu. MTN ilianzisha huduma ya pesa kwa simu Uganda mwaka 2009, na leo hata muuza nanasi ana namba ya kupokelea. Nakubali kwamba ni badiliko kubwa. Na kwa kipimo chetu kuna habari njema ambayo haisemwi vya kutosha: Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Kitaifa ya 2020 inataka pesa za wateja wa simu zihifadhiwe katika akaunti za amana kwenye benki, mbali na mali ya kampuni. Yaani mdeni anaweza kulazimishwa. Ni ulinzi ambao mteja wa New York wa 1863 hakuwa nao, wala mteja wa daftari la Kampala.

Lakini simu ina matundu mawili. La kwanza ni ada. Kadiri kiasi kinavyopungua, ndivyo ada inavyokula sehemu kubwa zaidi, na Julai 2018 serikali iliongeza kodi ya asilimia 1 kwenye miamala, baadaye ikapunguzwa kuwa asilimia 0.5 kwa kutoa pesa. Chenji ya shilingi 200 haiwezi kupita hapo na kubaki na maana. La pili ni swichi. Februari 18, 2016, siku ya uchaguzi, huduma za pesa kwa simu zilizimwa kwa amri pamoja na mitandao ya kijamii. Simbi haikuwa na swichi, wala heller ya Tabora.

Anayedhani hayo ni ya zamani aitazame Goma, mashariki mwa Kongo. Januari 2025 waasi wa M23 walipoingia, benki zilifunga milango. Jiji la wafanyabiashara, ambalo bidhaa zake nyingi hupitia Uganda na Rwanda, likabaki na dola na noti za faranga zilizochakaa. Mawakala wa simu wakawa ndio benki, wakitoza wanavyoona. Noti iliyochanika ikakataliwa sokoni hata kama nambari zake zinasomeka. Kongo, yenye shaba ya Katanga ambayo karne zilizopita ilifuliwa misalaba iliyotumika kama pesa, haina sarafu za madini mikononi mwa watu wake. Ina noti tu. Vita vilipofika hapakuwa na chochote kigumu cha kushika, na anayeuza samaki wa ziwa Kivu kwa mafungu alijikuta palepale alipokuwa muuza mboga wa Mengo mwaka 1901.

Sipendekezi maduka ya Kampala yaanze kufua vipande vya shaba. Ninachotaka ni ile haki iliyokuwa ndani yake: anayebaki na pesa ya mtu akiri deni, na anayedai ashike ushahidi. Bunge linaweza kuweka kifungu kifupi katika sheria za kumlinda mlaji, kwamba muuzaji asiye na chenji hatalazimisha bidhaa badala yake, na kwamba mteja akitaka, atapewa stakabadhi yenye jina la duka inayokombolewa kwa pesa taslimu. Benki Kuu ya Uganda ipeleke sarafu za 50, 100 na 200 moja kwa moja kwenye masoko ya Owino, Nakasero na Kalerwe, kwenye madirisha yanayofunguliwa alfajiri wachuuzi wanapoanza kazi, badala ya kuziacha zisubiri kwenye matawi ya benki ambako mchuuzi hana muda wa kupanga foleni. Kampuni za simu zifute ada kwa viasi vilivyo chini ya shilingi 1000. Hakuna kati ya haya linalohitaji vita ili litekelezwe, na yote yatakuwa magumu zaidi vita vikishaanza.

Na wewe msomaji, ukipewa peremende badala ya shilingi 200, irudishe kwa heshima na udai pesa yako.